Mwamba unakumbukaje joto la karne zilizopita?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi pampu hapa Itigi, mkoani Singida. Nilisikia redioni kwamba wataalamu hushusha kipimajoto kwenye shimo lililochorongwa ardhini wakajua hali ya hewa ilikuwaje miaka 500 iliyopita. Hewa ya wakati huo si imeshapita? Mwamba unaijuaje? Sisi tuna kisima cha mita 120. Asubuhi za Juni maji yake hutoka yana uvuguvugu, mchana wa Oktoba hutoka ya baridi. Tukikipima tutapata nini?

Jibu: Marahaba, fundi. Nianze na hayo maji yako, maana nusu ya jibu imo humo humo. Maji hayo hayabadiliki. Ukiyapima Juni na Oktoba, pale yanapotoka tu, utakuta joto lilelile, labda tofauti ndogo inayoletwa na bomba la juu linalopigwa jua. Kinachobadilika ni mkono wako. Asubuhi ya kipupwe mkono umepoa, maji unayaona ya moto. Mchana wa Oktoba mkono umechemka, maji yaleyale unayasifu kwa ubaridi. Kule chini yanakotoka hakuna Juni wala Oktoba.

Hakuna kwa sababu mwamba ni msafirishaji mzembe wa joto. Jua la mchana likichoma ardhi, joto huanza kushuka, lakini kabla halijafika mbali usiku umeingia na ubaridi nao unashuka nyuma yake. Viwili hivyo vinamezana njiani. Ukichimba mita moja hivi, tofauti ya mchana na usiku huioni tena. Kupanda na kushuka kwa joto la mwaka mzima kunakwenda mbali kidogo, kisha nako kunakufa: kwenye mita 15 hadi 20 kwa kipimajoto cha kawaida hutaona kitu. Na kadiri unavyoshuka, majira yanachelewa. Mwaka 1837 James Forbes alizika vipimajoto virefu katika ardhi ya Edinburgh, Uskoti, cha ndani kabisa kikiwa karibu mita 8 chini, vikasomwa kwa miaka mingi. Joto la kiangazi lilikifikia kile cha chini wakati juu watu wanaota moto wa majira ya baridi. William Thomson, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Lord Kelvin, ndiye aliyezipigia hesabu takwimu hizo, akaonyesha kwamba mwamba unafuata kanuni ya Fourier ya upitaji wa joto bila ubishi.

Sasa shika jambo hili, ndilo linalobeba mengine yote. Badiliko la saa chache linakufia ndani ya mita moja. La miezi linakufia ndani ya mita 20. La miaka 100 je? Hilo halina mpinzani wa kulifuata upesi na kulifuta, kwa hiyo linazidi kushuka. Kwa mwamba wa kawaida, joto linalodumu miaka 100 huingia kiasi cha mita 110. La miaka 1,000 hufika mita 350 hivi, na la tangu mwisho wa enzi ya barafu, miaka kama 20,000, huzama zaidi ya kilomita moja na nusu. Utaona haliendi sambamba: ukitaka kina mara mbili, unalipa muda mara nne.

Kwa hiyo hewa ya mwaka 1600 imepita kweli, hujakosea. Mwamba hauijui hewa. Unachokijua ni joto ambalo uso wa ardhi uliupa wakati huo, na joto hilo bado liko njiani linashuka. Tunachofanya sisi ni kulikuta njiani.

Tunalitambuaje? Ardhi ina joto lake yenyewe linalopanda kutoka chini. Sehemu nyingi za mabara joto huongezeka nyuzi 2 hadi 3 kwa kila mita 100 unazoshuka. Kwenye miamba mikongwe sana, kama hiyo itale mnayoikalia nyie Singida, huongezeka kwa kiasi pungufu ya hapo. Kama uso wa ardhi ungekuwa na joto lilelile kwa maelfu ya miaka, na mwamba ni wa aina moja, basi ukichora kina na joto kwenye karatasi ungepata mstari ulionyooka kama uzi wa fundi uashi. Mashimo mengi hayatoi mstari huo. Chini umenyooka, ila ukifika mita 150 au 100 kutoka juu unaanza kupinda kuelekea upande wa joto. Unachukua rula, unaurefusha ule mstari wa chini hadi juu kwenye uso wa ardhi, kisha unapima pengo kati ya rula na nukta zako. Pengo hilo ndilo habari.

Nikupe mfano wa hesabu. Tuseme uso wa ardhi ulipanda nyuzi 1 kwa ghafla miaka 100 iliyopita ukabaki hivyo. Leo kwenye mita 50 pengo lingekuwa kama nusu nyuzi. Kwenye mita 100 ni 0.2. Mita 150 ni 0.06, na mita 200 ni 0.01 tu. Angalia kisima chako kinaishia wapi kwenye orodha hiyo, tutarudi kwake.

Hapo ndipo watu wa redio wanapotia chumvi. Wakisema "wakajua hali ya hewa ilikuwaje", msikilizaji anadhani tunasoma shajara: mwaka huu ukame, mwaka ule mvua. Hapana. Chukua kitambaa kilicholowa, dondoshea tone la wino, ngoja nusu saa. Ukiangalia doa unaweza kusema wino ulikuwa mwingi au mchache, na kwa kubahatisha vizuri, umedondoka zamani au sasa hivi. Lakini kama mtu aliandika jina lake kwa wino huo, jina limekwenda. Joto ndani ya mwamba linasambaa hivyohivyo. Badiliko la miaka 30 iliyopita tunaliona vizuri. La miaka 300 iliyopita tunaliona kama wastani wa karne nzima. Ukame wa miaka mitatu wa mwaka 1700 na kitu haumo kabisa, wala usimwamini atakayekuambia ameukuta. Tena kuna mtego wa hesabu: ukikokotoa kinyumenyume kutoka mstari wa leo kwenda historia ya uso wa ardhi, historia nyingi tofauti hutoa mstari uleule, na kosa dogo la kipimo linaweza kukuzalishia mabonde na milima ya joto ambayo haikuwahi kutokea. Ndiyo maana wakokotoaji hujifunga mikono kwa makusudi: huchagua ile historia laini kuliko zote inayotosha kueleza nukta zilizopimwa, wakaishia hapo.

Pamoja na hayo yote, mbinu hii ina heshima moja ambayo nyingine hazina. Pete za miti, matumbawe, tope la ziwani, vyote hivyo si joto. Ni vitu vilivyoathiriwa na joto, nawe inabidi utafute ufunguo wa kuvigeuza kuwa nyuzi. Huku kwetu pete za miti ni taabu zaidi, kwa kuwa miti mingi ya tropiki haina majira ya baridi ya kuilazimisha kuweka pete safi kila mwaka. Shimo linatoa joto lenyewe.

Mfano ulio wazi ni Greenland. Watafiti wa Ulaya walichoronga barafu ya huko hadi mita 3,029, kazi iliyokamilika mwaka 1992. Kwa muda mrefu watu walikadiria baridi ya enzi ya barafu kwa kupima aina za oksijeni ndani ya barafu yenyewe, wakitumia ufunguo uliotokana na hali ya leo. Kisha ikapimwa halijoto ndani ya shimo. Mwaka 1998 Dorthe Dahl-Jensen na wenzake wakatoa hesabu: wakati baridi imefikia kilele, Greenland ilikuwa na baridi kuliko sasa kwa takriban nyuzi 23. Ule ufunguo wa oksijeni ulikuwa unatoa karibu nusu ya hapo. Barafu ilikuwa bado inaishikilia baridi hiyo tumboni mwake, kwenye kina kikubwa.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1934 Hotchkiss na Ingersoll walitumia halijoto za migodi ya shaba ya Calumet, Michigan, kukadiria barafu kuu iliondoka lini Amerika Kaskazini. Lakini kwa miongo mingi baada ya hapo, wapimaji wa joto la ardhini waliiona ile sehemu ya juu iliyopinda kama kero. Walitaka joto linalotoka chini. Kipande cha juu walikikata wakakitupa. Mwaka 1986 Lachenbruch na Marshall waliangalia mashimo ya kutafuta mafuta kaskazini mwa Alaska, mahali ambapo ardhi imeganda na maji hayatembei kuharibu kipimo, wakasema mpindo huu si kero: uso wa ardhi hapa umepata joto la nyuzi 2 hadi 4 katika miongo michache hadi karne moja. Tangu hapo watu wakaanza kufukua madaftari yao ya zamani. Mwaka 2000 Huang na Pollack wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na Shen wa Kanada, walikusanya mashimo 616 kutoka mabara yote isipokuwa Antaktika. Wastani wake: katika karne tano uso wa ardhi umepata joto kiasi cha nyuzi 1, na karibu nusu ya hiyo imekuja katika karne ya 20 peke yake.

Henry Pollack huyo, pamoja na David Chapman, walipimia joto la ardhini Zambia miaka ya 1970, wakati wanatafuta dalili za bonde la ufa kuanza kupasuka upande huo. Mashimo yetu ya Afrika mengi yana asili hiyo: yalichorongwa kutafuta shaba, dhahabu au almasi, yakapimwa kwa ajili ya jiolojia, na tabianchi ikafuata baadaye. Matokeo yake, mashimo yamejaa kusini mwa bara na kukonda kadiri unavyopanda huku kwetu. Ukiona ramani yenye nukta za mashimo hayo utadhani Ulaya na Kanada ndiko kwenye ardhi, kwingine ni bahari. Kwa nchi ambazo vituo vya kupima hali ya hewa vilianza enzi za Wajerumani, na hata hivyo kwa kuruka-ruka, hasara hiyo naihesabu kubwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko hayo ya Greenland. Nimesema mwamba unajua joto la uso wa ardhi. Uso wa ardhi na hewa si kitu kimoja. Kwenye nchi za theluji wanagombana juu ya hilo hadi leo, maana theluji ni blanketi: baridi kali ya hewa haiingii ardhini. Sisi blanketi letu ni kichaka. Simama ndani ya vichaka vya Itigi saa saba mchana, halafu toka uende kwenye shamba lililolimwa pembeni, vua viatu. Hewa juu ya kichwa chako ni ileile. Nyayo zako zitakwambia mengine. Chini ya kichaka kuna kivuli, kuna majani yaliyooza, na mizizi inanyonya maji na kuyatoa hewani, jambo linalopooza ardhi. Ukifyeka, wastani wa joto la ardhi kwa mwaka unaweza kupanda nyuzi 1 au 2, hata zaidi, bila tabianchi kubadilika hata kidogo. Na mwamba utaliandika badiliko hilo kwa mwandiko uleule unaoandika tabianchi. Hauweki sahihi ya aliyelileta.

Kwa hiyo mtu akinionyesha mstari kutoka shimo la katikati ya nchi yetu, umepinda kwenye mita 80 za juu, kwa maana ya badiliko la miaka kama 50 iliyopita, swali langu la kwanza si la gesi wala jua. Nauliza: kijiji hiki kilianzishwa lini? Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kukusanya watu vijijini, ilihamisha mamilioni ya watu. Mahali palipokuwa pori pakawa na nyumba, mashamba na mahitaji ya kuni, na mahali palipoachwa pakarudi kuwa pori. Mabadiliko yote mawili yameandikwa chini ya ardhi, moja likipinda kulia, upande wa joto, jingine kushoto, upande wa baridi. Ukiwa na mashimo mawili, moja kijijini na jingine msituni kilomita chache kutoka hapo, unaweza kuyatenganisha: kinachoonekana kwenye yote mawili ni cha anga, kilichozidi kijijini ni cha panga na jembe. Mimi binafsi naona shimo moja likisemwa peke yake, bila historia ya shamba lililo juu yake, ni la kutiliwa shaka, hata kama grafu yake inapendeza.

Upimaji wenyewe ni kazi ya subira zaidi kuliko vifaa. Kuna kebo ndefu yenye nyaya nne kwenye gurudumu, na mwishoni kuna themista, kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme unashuka joto linapopanda. Aina tuliyozoea ina omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na hupoteza kama omu 440 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Maana yake ukiona tofauti ya omu 4, umeona karibu sehemu moja ya mia ya nyuzi. Unashusha mita 5, unasubiri mpaka namba zitulie, unaandika. Unashusha tano nyingine. Unapima wakati wa kushuka, si wa kupanda, kwa sababu kebo ikishapita imeshakoroga maji. Sehemu iliyo juu ya maji huitegemei sana, hewa ndani ya shimo inacheza-cheza.

Kanda ya Ziwa niliwahi kutumia siku nzima kwenye shimo la utafiti wa dhahabu ambalo karatasi zilisema lina mita 300. Kebo ilisimama kwenye 140. Kampuni ilishaondoka, kifuniko hakikuwekwa, na watoto wa jirani walikuwa wamegundua raha ya kudondosha jiwe na kuhesabu mpaka lilie. Siwalaumu, na mimi ningedondosha. Lakini hata zile mita 140 hazikufaa. Kwenye mita 86 mstari uliruka kama ngazi: juu yake maji ya baridi, chini yake ya moto. Kulikuwa na ufa kwenye mwamba unaoingiza maji ya mvua kutoka kilimani. Maji yakishaanza kutembea, yanabeba joto haraka kuliko mwamba unavyoweza kulipitisha, na hesabu zote za Fourier zinakuwa mapambo.

Hapo umeshaona kisima chako kitajibu nini. Kina pampu, kila siku kinavuta maji kutoka kwenye nyufa na kuyachanganya. Ukishusha themista utapima mazoea ya pampu yako. Hata ukiizima kwa mwezi, kwa mwamba ambao umesumbuliwa miaka mingi mwezi hautoshi. Na mita 120 ni fupi: huna mstari ulionyooka wa chini wa kuwekea rula, kwa sababu joto la karne iliyopita limeshafika hadi huko. Ningetaka mita 200 kwa uchache, 300 zikipatikana.

Lakini fundi pampu ndiye anayejua visima vilivyokufa. Kwenye kila mradi kuna shimo lililochorongwa likakosa maji, likafunikwa kwa jiwe na kusahauliwa. Kwa mwenye mradi hilo ni hasara. Kwangu shimo kavu la zamani ambalo halijawahi kupigwa pampu, lenye kesingi nzima, yaani bomba linalozuia kuta zisiporomoke, ni mali. Likiwa limekaa mwaka au zaidi, joto la uchorongaji limeshaondoka. Kama halina maji kabisa, lijazeni maji mkaliache wiki kadhaa litulie, ila tu kama mwamba hauyanywi.

Ukilipata, niandikie mambo haya: kina ambacho kamba yenye uzito inafika kweli, na si kile kilichoandikwa kwenye karatasi, kina cha maji, aina ya miamba iliyotoka wakati wa kuchoronga, kama kumbukumbu ipo, kwa sababu mwamba wenye kwatzi nyingi hupitisha joto mara mbili au tatu zaidi ya mwamba wa udongo, na badiliko la mwamba peke yake linapindisha mstari, na umbali wa bwawa, mto au barabara ya lami iliyo karibu. Kisha nenda kwa mzee aliyekaa hapo muda mrefu kuliko wote, umuulize mahali hapo palifyekwa mwaka gani na nani alilima wa kwanza. Kama hakumbuki mwaka, aseme ilikuwa kabla au baada ya kuhamishiwa kijijini. Na wakati unasubiri majibu yangu, tafuta kifuniko cha chuma ukichomelee juu ya shimo kabla watoto hawajalizoea.